Mbegu za Atlantic Giant kwa mwenye kabustani kadogo, maoni yangu

Wakuu mmekuwa mnaniuliza sana kuhusu lile boga la nyuma ya nyumba kwahiyo naandika hapa mara moja. Mbegu ni Atlantic Giant, ile aliyoitengeneza mzee Howard Dill wa Windsor, Nova Scotia kule Kanada, na karibu maboga yote makubwa mnayoyaona kwenye mashindano yanatokana na ukoo huo. Mimi niko Minnesota, Marekani, na hapa hapa kwetu Anoka ndo anatoka Travis Gienger aliyepiga boga la kilo 1,247 mwaka 2023, mpaka 2025 ndugu wawili mapacha wa Uingereza, Ian na Stuart Paton, wakampita na boga la karibu kilo 1,279. Hao wana nafasi bwana, mmea mmoja unapewa eneo la nyumba nzima. Mi nina kama mita nne kwa tano kati ya fensi na gereji.

Je inafaa kwa eneo dogo? Inafaa, tena sana, ila ujue unanunua nini. Mbegu inakupa uwezo tu, kilo zinatoka kwenye majani, na majani yanataka nafasi. Langu nilipima kwa utepe nikaangalia yale majedwali ya makadirio wanayotumia wakulima ikaja kama kilo 90, na kwa kieneo kile nimeridhika kabisa.

Siri ya eneo dogo ni mmea mmoja boga moja, basi. Pakiti inakuja na mbegu kadhaa na utatamani kupanda zote, usifanye hivyo, anzisha mbili ndani ya nyumba mwishoni mwa Aprili sehemu yenye joto, baridi ya barafu ikishaisha Mei hamishia nje ule mche wenye nguvu, mwingine mpe jirani. Shina kuu nililiongoza lifuate fensi likifika kona likate kama herufi L, matawi ya pembeni nikayaacha mpaka kama mita mbili halafu nakata ncha, na vitawi vinavyotoka kwenye matawi navitoa vyote. Kila kifundo cha shina unakifukia na udongo kidogo kinatoa mizizi, hapo mmea unakula kutoka sehemu nyingi, isipokuwa karibu na boga lenyewe, pale acha shina liwe huru maana boga likivimba linanyanyua shina na kama limeshikwa na mizizi kikonyo kinachanika na kazi yote imekwisha.

Na hayo majani machanga unayopogoa jamani ni msusa! Menya nyuzi, katakata, tia nazi au karanga, kiangazi chote hatukununua mboga. Ila kama umepuliza dawa usile. Kwangu hii peke yake imerudisha hela ya pakiti.

Ua jike utalijua kwa kale kaboga kadogo chini yake, linafunguka asubuhi moja tu. Usisubiri nyuki, amka mapema chuma ua dume, toa petali zake, kile kijiti cha katikati chenye unga wa njano kipake taratibu ndani ya ua jike kote. Likishika ukaona linakua vizuri toa mengine yote. Chini yake weka mchanga, juu weka shuka kuukuu kuzuia jua maana ngozi ikikauka mapema inapasuka.

Sasa yasiyonifurahisha. Mbegu za pakiti ya dukani hazina historia, wazito wenzetu wanapanda mbegu zenye jina la uzito wa boga zilikotoka na la mkulima, kama 2009 Wallace, yani lile boga la paundi 2009 la Ron Wallace mwaka 2012 lililokuwa la kwanza duniani kuvuka paundi 2000. Ya pakiti ni bahati. Pili majani yanashikwa sana na ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga, ikifika Agosti, hasa ukimwagilia juu ya majani, mwagilia chini kwenye udongo na asubuhi. Tatu, na hili nalisema kwa uchungu, nyama yake ni maji maji haina utamu, kama unataka boga la futari la kupika na nazi hili siyo, tafuta boga la kawaida.

Pakiti ni bei ya chai na andazi, gharama ipo kwenye mboji na samadi iliyooza, hapo usibane, mimi nilijaza shimo zima kabla ya kupanda na ndo nilipoona tofauti.

Nampa nyota nne kati ya tano. Mwenye balkoni tu aachane nayo, ndoo haiwezi kulisha huu mmea. Ila ukiwa na kipande cha ardhi hata cha gari mbili kupaki, chenye jua masaa sita na kuendelea, agiza kabla ya Machi maana madukani huku zinaisha mapema.