Tathmini: Wikendi ya mbio za vigari vya sloti vya mtindo wa zamani

Klabu iliyoandaa wikendi hii ilijipa kazi ngumu kuliko inavyoonekana kwa mgeni anayepita na kutazama. Kigari chenyewe ni kidogo na kanuni yake ni nyepesi: ulimi wa plastiki ulio chini ya pua huingia katika mfuo uliochongwa kwenye ubao, tepe mbili za shaba iliyosukwa zilizolazwa kando ya mfuo huleta umeme, na dereva anayesimama pembeni hana usukani, ana kifyatulio kimoja tu cha kuongeza na kupunguza mwendo. Ugumu uko katika kuwakusanya watu ambao karibu kila mmoja ameunda kigari chake kwa mikono yake, kisha kuwahakikishia kwamba atakayeshinda ameshinda kwa ufundi na uendeshaji, wala si kwa sababu njia yake ilikuwa na umeme mwingi kuliko ya jirani. Kwa kipimo hicho, wenyeji wetu walifanya vizuri sana katika umeme na ukaguzi, na wakayumba katika ratiba.

Inafaa kueleza kwanza kwa nini kipimo changu ni hicho. Mchezo huu ulipata umaarufu Uingereza baada ya Scalextric, seti ya kuchezea ya vigari vya namna hii, kuonyeshwa mwaka 1957, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 Marekani ilikuwa imejaa kumbi za biashara zenye njia kubwa za mbao, nyingi zikiwa na mifuo minane. Mpangilio mmoja maarufu wa enzi hizo, unaokimbiwa hadi leo, una urefu wa futi 155, yaani takriban mita 47. Baadaye mota zilizidi kusukwa upya ili ziwe na nguvu, bodi zikabanwa hadi zikawa kama kabari isiyofanana na gari lolote la kweli, na kijana aliyekuja na kigari alichonunua dukani akajikuta anapitwa mara kumi na mtu aliyegeuza mchezo kuwa kazi. Miongoni mwa sababu zinazotajwa za kumbi hizo kufungwa haraka namna ile ni hiyo. Mbio za mtindo wa zamani hurudi makusudi nyuma ya hatua hiyo: chesisi ya shaba ya manjano na waya wa chuma, mota ya aina moja kwa wote, na bodi inayotambulika kuwa gari fulani. Kwa hiyo mwenyeji anayelegeza sheria katika wikendi ya namna hii anakuwa ameondoa kitu chenyewe ambacho wageni wamekifuata.

Hapa hawakulegeza. Ukaguzi ulifanyika kwenye meza moja, mbele ya yeyote aliyetaka kutazama, na mkaguzi hakuwa miongoni mwa washindani, jambo ambalo klabu nyingi hulipuuza kwa kuwa watu ni wachache. Kila kigari kiliwekwa juu ya bamba la chuma lililonyooka, kikapitishiwa kipimo chembamba chini ya chesisi ili kuona kama kimeinuka vya kutosha, kisha upana wake ukapimwa ndani ya kisanduku chenye kuta mbili ambamo kigari kipana kupita kiasi hakiingii. Katika madaraja mawili makuu, la magari ya Can-Am (mashindano ya zamani ya magari ya michezo ya Kanada na Marekani) na la Formula 1, mota ilipaswa kulala kwa urefu wa chesisi na kuzungusha ekseli ya nyuma kupitia gia yenye meno ya pembeni. Mota iliyolazwa kwa mshazari, ambayo ndiyo iliyobadilisha mchezo kuelekea mwisho wa miaka ya 1960, iliruhusiwa katika daraja la tatu pekee. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba vigari vitatu vya kwanza vilirudishwa mezani baada ya fainali. Tairi za mpira hulika wakati wa mbio, chesisi ikashuka, na kigari kilichopita ukaguzi asubuhi kinaweza kuwa kinaburuta tumbo jioni. Wenyeji wengi hukagua mara moja tu na kuacha mengine kwa nia njema.

Bodi nazo zilistahili meza yao, na zilipewa. Bodi za mbio hizi hufinyangwa kwa plastiki nyembamba inayopitisha mwanga, kisha hupakwa rangi kwa ndani, na hiyo ina maana kwamba kazi hufanywa kinyumenyume: namba, mistari na vidirisha hutangulia, na rangi kuu ya gari humalizia, ikifunika kila kitu kwa nyuma. Anayekosea mpangilio hawezi kurekebisha kwa kupaka juu. Nilisimama muda mrefu mbele ya Chaparral 2E moja, gari la mwaka 1966 lenye bawa refu lililoinuliwa juu ya magurudumu ya nyuma, ambayo mwenyewe alikuwa amechora hata vichwa vya riveti kwenye ubavu kwa ncha ya sindano. Dereva wake wa plastiki alikuwa na kofia, mabega, mikono na usukani kama sheria inavyotaka, na miwani yake ilikuwa na mng'ao mdogo wa rangi nyeupe upande mmoja, kana kwamba jua limempiga akiingia kona. Pembeni yake kulikuwa na Lola T70 kadhaa na McLaren nyingi za rangi ya chungwa, jambo linaloeleweka kwa sababu McLaren ndiyo iliyotwaa ubingwa wa Can-Am kila mwaka kuanzia 1967 hadi 1971. Tuzo ya urembo ilipigiwa kura na washindani wenyewe kabla ya mbio kuanza, na hilo lilikuwa busara, maana baada ya mbio hakuna bodi inayobaki na pua nzima.

Nikija kwenye umeme, nitakaa hapo kidogo, kwa kuwa ndiko mwenyeji hupimwa hasa. Vigari vinane vinapotoka kwenye kona pamoja na kila dereva akabana kifyatulio hadi mwisho, chanzo dhaifu cha umeme hulemewa na volti hushuka kwa wote. Hilo linavumilika. Kisichovumilika ni kinyume chake: vigari viwili au vitatu vikichomoka kwenye mfuo kwa wakati mmoja, mzigo hupungua ghafla, volti hupanda, na wewe uliyekuwa unapita kona kwa kipimo ulichokizoea unarushwa nje bila kosa lolote la mkono wako. Wenyeji walikuwa na chanzo kinachodhibiti volti chenyewe, kimewekwa zaidi kidogo ya 13, na nyaya nene zilizounganishwa na tepe za shaba katika sehemu kadhaa kuzunguka ubao, kwa sababu shaba iliyosukwa ikiachwa isafirishe umeme peke yake kwa makumi ya mita, kona ya mbali hubaki na njaa. Katika kila kiungio walibandika kikaratasi chenye volti zilizosomwa asubuhi, na mchana wakaandika nyingine chini yake. Nilipita na mita yangu kwa udadisi nikakuta tofauti isiyofaa hata kutajwa.

Breki zilikuwa sawa pia, jambo ambalo mgeni huenda asilitambue hadi likosekane. Kidhibiti, yaani kile kishikio chenye kifyatulio, huunganishwa kwa nyaya tatu: mmoja huleta umeme, mwingine huupeleka kwenye njia, na wa tatu ni wa breki, ambao dereva anapoachia kifyatulio huunganisha ncha mbili za mota, nayo mota ikageuka kuwa jenereta inayojizuia yenyewe. Kiungio cha breki kikiwa na kutu, kigari huserereka hadi ukutani. Nilikimbia katika njia zote na sikuhisi tofauti ya breki kati ya njia nyekundu na nyeusi, yaani ya kwanza na ya nane, ingawa hizo huwa ndizo zenye malalamiko. Hakukuwa na sumaku za kukandamiza vigari chini, na hata kama mtu angeiba moja na kuificha isingemsaidia, kwa kuwa shaba haivutwi na sumaku na ubao ndio kabisa.

Mbio zenyewe ziliendeshwa kwa mzunguko wa kawaida: kila dereva hukimbia dakika tatu katika kila njia kati ya zile nane, kisha hesabu ya mizunguko yote hujumlishwa, pamoja na sehemu ya mzunguko ambayo kigari kilikuwa kimefikia umeme ulipokatwa mara ya mwisho. Utaratibu huu humwadhibu mtu mwenye pupa kuliko mtu mwenye gari zito. Asiyeshindana husimama kwenye kona kurudisha vigari vilivyochomoka, na hapo ndipo wikendi nyingi huharibika, kwa kuwa mtu aliyechoka hurudisha kigari cha rafiki yake kwanza au hukiweka katika mfuo usio wake. Wenyeji walibandika stika ndogo ya rangi ya njia juu ya kila kigari na kuibadilisha kila dereva alipohama, wakatoa amri kwamba aliyechomoka kwanza ndiye hurudishwa kwanza, awe kinara au wa mwisho. Mwamuzi alikata umeme mara moja kila kigari kilipoangukia njia ya mwingine na saa ikasimama pamoja nao. Kulikuwa na ubishi mmoja tu niliousikia, nao ulimalizwa kwa sentensi mbili.

Sasa malalamiko. Karatasi ya sheria iliyotumwa kwa wageni ilieleza kila kipimo cha chesisi lakini haikusema neno juu ya tairi za silikoni. Mgeni mmoja, bila nia mbaya, alifanya mazoezi nazo Ijumaa jioni. Silikoni huacha utando unaoondoa mshiko wa tairi za mpira, na katika mistari aliyopita wengine wote walianza kuteleza kama wamemwagiwa mafuta. Kusafisha kulikula asubuhi nzima ya Jumamosi, mazoezi yakasukumwa mbele, mchujo ukaanza wakati fainali ya daraja la kwanza ilipaswa kuwa imekwisha, na daraja la tatu likakimbiwa usiku na watu waliokuwa wamesimama kutwa. Mstari mmoja katika karatasi ile ungeyazuia yote hayo. Hata bila mkasa huo, ratiba ilikuwa imebanwa mno: madaraja matatu kwa siku moja na nusu yanawezekana pale tu ambapo hakuna kinachokwenda kombo, na katika mchezo wa waya na risasi ya kulehemia hakuna siku ya namna hiyo.

Taa ni kasoro ya pili. Juu ya kona ya mbali kulikuwa na taa moja iliyoning'inia nyuma ya mlinda kona, hivyo kivuli chake kiliangukia pale pale ambapo dereva anahitaji kuona pua ya kigari ikianza kuchepuka. Wenye macho ya ujana hawakulalamika. Kasoro ya tatu ni chumba cha mafundi, ambacho kilikuwa na meza pana na soketi za kutosha kwa pasi za kulehemia, lakini dirisha lake halikufunguka na hapakuwa na feni. Asidi inayotumika kusafisha chuma kabla ya kulehemu hutoa moshi unaochoma koo, na juu ya moshi huo kulikuwa na harufu ya mafuta ya kulainishia tairi, yale yale yanayotiwa katika dawa za kuchulia misuli. Baada ya nusu saa mle ndani nilitoka macho yakinitiririka. Hili si suala la starehe tu, na sioni udhuru wake.

Kwa wanaoanza, hata hivyo, klabu ilifanya jambo ambalo ningependa kuliona kila mahali. Kulikuwa na vigari vya kuazima, vyote vimejengwa kwa chesisi ya muundo mmoja, pamoja na vidhibiti vya kielektroniki ambavyo ukali wake hupunguzwa kwa kuzungusha kitufe, tofauti na vile vya zamani vya ukinzani ambavyo hupata moto mkononi na humlazimu mtu kumiliki kadhaa ili kila mota ipate cha kwake. Kila mgeni mpya alisimamishwa kando ya mtu mzoefu katika awamu yake ya kwanza, na huyo mzoefu alikuwa na ruhusa ya kumwambia lini aachie kifyatulio. Niliyemtazama kwa karibu alichomoka katika kona ile ile karibu kila mzunguko hadi alipoambiwa aangalie sehemu anayotokea na asikitazame kigari. Kufikia njia ya nne alikuwa anaipita bila kufikiri, na mwishoni hakuwa wa mwisho.

Nitarudi wakiandaa tena, na ningewashauri wapenzi wa mtindo huu waende, kwa masharti machache. Beba tairi za mpira jozi mbili zaidi ya unavyodhani unahitaji, leta taa yako ndogo ya meza kama unakusudia kulehemu, na ulehemu mlangoni. Uliza mapema kama vibanio vya kidhibiti chako vitaingia kwenye nguzo zao za kuunganishia umeme, kwa sababu zao ni nene kuliko za kawaida na adapta zilikuwa mbili tu. Wenyeji nao wakipunguza madaraja hadi mawili, watakuwa na muda wa kumalizia mchana.