Utitiri wa kuku kwa mbwa: kuanza na mbwa au kuanza na banda?

Mbwa anayelala kando ya banda la kuku anapojikuna usiku kucha na kutoka vipele tumboni kwa kuumwa na utitiri, wadudu wadogo wanaonyonya damu ya kuku, wapo wafugaji wa Njombe na Mafinga wanaoanza kumtibu mbwa mwenyewe, na wapo wanaoanza na banda.

Kumtibu mbwa huleta nafuu ya haraka, hasa akiwa na mzio. Daktari wa mifugo hukwangua ngozi ili kujua kama si upele, ambao wadudu wake hujichimbia ndani ya ngozi, kisha huandika dawa inayofaa. Ivermektini ya ng'ombe, dawa ya kuua minyoo na wadudu, isikadiriwe kwa macho kamwe, kwa maana kipimo kikizidi huweza kumuua mbwa, na wale wa jamii ya collie, mbwa wa kuchunga kondoo, ndio walio hatarini zaidi.

Lakini utitiri hauishi juu ya mbwa. Hunyonya damu usiku na mchana hurudi kujificha nyufani. Ukibandua gamba la banzi la msonobari lililojengea banda utaukuta umejikusanya, mwekundu kwa damu, katikati ya vumbi lake la kijivu. Huweza kukaa miezi kadhaa bila kula, na ubaridi wa nyanda za juu huurefushia uhai, hivyo kuliacha banda tupu wiki chache hakutoshi. Kuwatoa kuku, kuondoa matandazo yote, kumwagia nyufa maji yanayochemka, kupaka chokaa na kurudia baada ya wiki moja ni kazi nzito, ila mimi ningeianza siku hiyohiyo anapotibiwa mbwa, naye ningemhamishia malazi mbali na kuku.