Kibodi ya simu janja: yaliyonisaidia kuizoea na yasiyonisaidia

Nilitoka kwenye simu ya vitufe. Huko nilikuwa naandika bila kutazama, simu ikiwa mfukoni hata, kwa sababu kidole kilikuwa kinakihisi kitufe. Kioo hakina cha kupapasa. Ndiyo shida yake ya kwanza, na kwa wiki za mwanzo niliiona kibodi hii kama kitu kilichotengenezwa na watu wenye vidole vya mtoto mchanga.

Lakini tuseme ukweli, zile simu nazo tumezisahau haraka. Herufi "s" ilikaa ya nne kwenye kitufe cha 7, kwa hiyo kuandika "sasa" tu ulibonyeza mara kumi. Kwenye simu janja ni mara nne, basi. Kasi ipo. Kinachochelewesha ni kusahihisha, na hapo ndipo niliposhughulika zaidi.

Kibodi iliyokuja na simu ilikuwa imewekwa Kiingereza peke yake, na kusahihisha kiotomatiki kumewashwa. Kila neno langu ililiona kosa. Naandika, nainua macho, sentensi imegeuka ya mtu mwingine. Wengi huzima kila kitu kwa hasira. Mimi nasema usizime kwanza: ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya lugha, ongeza Kiswahili. Gboard, kibodi ya Google, kwa mfano, inacho, na inakuruhusu kuandika kwa lugha zaidi ya moja bila kubadilisha kibodi kila mara, jambo linalotufaa sisi tunaochanganya. Badiliko hilo moja lilinifaa kuliko mazoezi yote niliyofanya kabla yake.

Hata hivyo Kiswahili kina mtego wake kwenye mpangilio huu wa QWERTY (jina ni herufi sita za kwanza za mstari wa juu), ambao umetokana na mashine za taipu za karne ya 19. Herufi u, i na o zimepangwa bega kwa bega upande wa kulia juu. Kwetu sisi herufi hizo ndizo zinazosema ni nani au ni nini. Ukitaka kuandika "umefika" kidole kikateleza kidogo, inatoka "imefika". Yote mawili ni maneno sahihi, kwa hiyo kibodi inanyamaza, haipigi hata mstari mwekundu. Unamwuliza mtu kama amefika, yeye anadhani unauliza mizigo. Chini kabisa n na m ni majirani vilevile: "nitakuja nawe" huwa "nitakuja mawe", na hapo pia simu haina neno. Hakuna programu itakayokuokoa hapo. Ni kuutazama mwanzo wa kila kitenzi kabla ya kutuma. Mimi sasa sisomi meseji nzima, nasoma viambishi tu.

Kuhusu kulenga herufi, nilikuwa nabonyeza polepole katikati kabisa ya kila kitufe, na hakukuwa na haja. Kibodi za kisasa hukisia herufi inayofuata na kupanua eneo lake la kuguswa bila wewe kuona, vitufe vikionekana vilevile. Ukiandika kwa mwendo wa kawaida inapata neno zima la kukisia na inakurekebishia. Tumia vidole gumba viwili, punguza uangalifu. Ajabu, makosa yalipungua.

Ule ukanda wa mapendekezo juu ya herufi ndio sikubaliani nao. Unaonekana wa msaada, ila kila herufi unasimama, unasoma maneno matatu, unaamua, unarudi. Utafiti wa mwaka 2019 ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, uliopima watu zaidi ya 37,000, ulionyesha kwamba wanaotumia kusahihisha kiotomatiki huandika haraka zaidi, lakini wanaochagua maneno kwenye mapendekezo huwa wazito. Wanaotumia gumba mbili walifikia wastani wa maneno 38 kwa dakika. Mimi ukanda huo nautumia kwa maneno kama "ng'ang'ania" tu, nisiende kutafuta kile kikoma cha juu.

Na kikiwa lazima kitafutwe: gusa kitufe cha namba na alama, usiinue kidole, kitelezeshe hadi kwenye alama unayoitaka, kisha achia. Kibodi inarudi yenyewe kwenye herufi. Sijui kwa nini hakuna anayetufundisha haya dukani. Kingine ni kishale, ile alama inayoonyesha herufi yako itaingia wapi. Badala ya kugonga katikati ya neno kwa kidole kinachofunika neno lenyewe, shikilia upau wa nafasi na utelezeshe kushoto au kulia; kishale kinakwenda herufi moja moja. Kwa hicho peke yake ningeiongezea kibodi nyota.

Kuandika kwa kutelezesha kidole bila kukiinua nilikijaribu kwa moyo mmoja. Maneno mafupi kinayapata vizuri, hata simu ikiwa mkono mmoja. Kitenzi kirefu kama "nilivyomwelezea" kinakishinda, maana kamusi haiwezi kubeba kila umbo ambalo kitenzi chetu kinaweza kuchukua, na kwa kutelezesha huwezi kuandika neno ambalo kamusi hailijui. Anayeandika zaidi Kiingereza atakipenda kuliko mimi.

Ukiamua kupakua kibodi nyingine, soma onyo linalotokea kabla ya kuiwasha. Kila unachoandika kinapita kwake. Kibodi za mapambo na maua kutoka kwa watengenezaji nisiowajua sizigusi.

Kuna pia kipaza sauti. Google iliongeza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti mwaka 2017, nami nakitumia ninapokuwa na maelezo marefu na niko peke yangu chumbani. Kwa meseji za kawaida vidole vinatosha. Na hata baada ya kusema, narudi na vidole kuweka vituo, kutenganisha aya, na kuhakikisha aliyefika ni mtu, si mizigo.