Tahadhari: darubini za bunduki "kutoka kiwandani"

Ndugu zangu wa Mafinga na Iringa mnaomiliki bunduki kwa kibali, ninaandika kwa hasira na aibu, kwa kuwa ni mimi niliyewasifia darubini ile kabla hata sijaijaribu.

Jumamosi niliifunga, nikalenga ubao uliokuwa mita 100. Risasi tatu za kwanza zilikaa pamoja kushoto mwa alama, nami nikazungusha kirekebishi cha pembeni (kile cha kusogeza shabaha kushoto au kulia) mapigo manane, yaani vile vituo vidogo vinavyolia “klik”, nikitarajia shabaha isogee sentimita 5 na nusu hivi, maana kila pigo hulihamisha lengo takribani milimita 7 kwa umbali huo. Risasi ya nne ikapanda juu, ya tano haikuugusa ubao kabisa, na shemeji (mnamjua mdomo wake) akaniuliza kama nimezeeka macho. Nilipoitikisa darubini nilisikia kitu kikicheza ndani kama punje ya mchele. Alfajiri, kwa baridi hii yetu ya Juni, ukungu ulikuwa umetanda kwenye kioo kwa upande wa ndani, jambo ambalo darubini iliyojazwa naitrojeni na kuzibwa vizuri haipaswi kulifanya.

Msinione mjinga. Aliyejitambulisha kuwa wakala wa kiwanda alijibu kila swali kwa adabu, alinitumia video ya mafundi waliovaa makoti meupe, na aliahidi dhamana ya maisha. Nilipolalamika, aliniagiza niirudishe Dar es Salaam kwa basi kwa gharama yangu, akanitoza shilingi 90,000 za ukaguzi, kisha akasema kiwanda kimegundua kwamba teke la bunduki yangu, yaani msukumo wa kurudi nyuma inapofyatuliwa, ndilo lililoivunja, kana kwamba darubini ya bunduki hutengenezwa kwa ajili ya manati! Tangu siku hiyo hapokei simu, na darubini sijarudishiwa.

Watu wa aina hii wakamatwe, washtakiwe, walipe kila senti, na kiwanda kinachowatuma kifungiwe kuingiza bidhaa nchini. Namba yake nimeiripoti kupitia 15040, namba ya kuripotia matapeli wa simu.

Dalili zilikuwepo: darubini haikuchorwa namba ya utambulisho, kadi ya dhamana haikuwa na anwani, na nilipolipa kwa simu lilitokea jina la mtu binafsi. Nililiona jina hilo, na bado nikaweka namba ya siri.

Ninyi wawili mliolipa malipo ya awali kwa neno langu, nipigieni leo kabla hamjatuma salio.