Spoila ya kubana kwenye kioo cha pikipiki: siri iko kwenye mwanya

Karibuni watazamaji. Hii hapa ni spoila ya kubana, kipande cha plastiki angavu chenye vishikizo viwili, na leo inakaa juu ya kioo cha kukinga upepo cha pikipiki ya Suzuki V-Strom 650 ya 2017. Kioo chake cha kiwandani kina nafasi 3 za urefu, na wengi huzijaribu zote helmeti ikiendelea kutikisika.

Sababu ni hii. Upepo ukivuka ukingo wa kioo unajikunja na kuzunguka, kwa kuwa nyuma ya kioo kuna hewa pungufu inayouvuta. Kinachopiga helmeti ni huo mzunguko. Kabla hujanunua, tafuta barabara iliyonyooka isiyo na magari, endesha kilomita 80 kwa saa, kisha inuka kidogo juu ya vikanyagio. Kichwa kikitulia, na ngurumo ikageuka mvumo mmoja, basi shida ni ukingo wa kioo.

Sasa kufunga. Kosa kubwa ni kuilaza spoila ikagusana na kioo. Hapo umerefusha kioo tu, na mzunguko umehamia juu zaidi. Acha mwanya wa sentimita 2 hadi 3, hewa ipite katikati ijaze lile pengo la nyuma. Anza na spoila iliyofuata mlalo wa kioo, halafu badilisha kitu kimoja kwa kila safari: urefu, au mlalo. Bandika utepe kuweka alama. Ukingo wa juu uishie usawa wa pua. Macho yapite juu yake, maana usiku wa mvua plastiki yenye matone na mikwaruzo inatawanya taa za magari hadi huoni njia.

Bado inatikisa? Sogeza kioo chenyewe mbele kwa vipande vya mpira vya milimita 10 kwenye boliti, hewa ipande kutokea chini. Boliti nazo ziwe ndefu zaidi kwa milimita 10 hizo hizo.

Zipo spoila za kutoboa. Kwa boliti ya milimita 5 toboa tundu la 6.5, kwa sababu plastiki hutanuka juani, na tundu linalobana huzaa ufa. Weka ubao nyuma, drili iende polepole, kisha vaisha boliti washa (vipete) za mpira pande zote. Tafadhali usitie gundi ya kufungia nyuzi za boliti: inapasua polikaboneti, aina ya plastiki ya vioo hivi. Tumia nati yenye pete ya nailoni ndani, isiyolegea. Petroli pia iwe mbali. Osha kwa maji na sabuni laini.

Kwa bodaboda wa mjini, hela hii haina kazi. Kwa anayeendesha kwa muda wa saa tatu kwa mwendo wa zaidi ya 90, nunua ya kubana, si ya kutoboa. Baada ya kilomita 50 za kwanza simama ukaze tena vishikizo kwa mkono, kwani mpira wake huwa umeshajilaza.