Zabibu amefungwa kizazi: uzoefu wangu

Paka wangu Zabibu alizaa mara tatu kabla sijapata akili ya kumpeleka kwa daktari. Uzao wa tatu ulikuwa wa watoto watano. Wawili walipata watu wa kuwalea, dume mmoja nikabaki naye, na wawili nikampa kijana aliyeniahidi kuwapeleka kwa shangazi yake Mbagala. Siku tatu baadaye mtoto wa jirani akaja kuniambia amewaona ndani ya kiroba kando ya jalala. Nilikwenda mwenyewe. Nilichelewa.

Kila mara nilikuwa najiambia nimwache apumzike kwanza, kumbe paka hubeba mimba kwa siku 63 hadi 65 tu, na anaweza kupata joto tena, yaani kutaka dume, hali ananyonyesha. Nilipokuwa nangojea apumzike, yeye tayari alikuwa na mimba nyingine.

Mama yangu alipinga sana wazo la kumfunga kizazi. "Mwanangu, unamnyima haki yake." Sikubishana naye, ila kile kiroba nilikuwa nimekiona mimi.

Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo huku Temeke, pamoja na yule dume aliyebaki, Bahati, ambaye wakati huo alikuwa na miezi saba. Nililipa 80,000 kwa jike na 50,000 kwa dume. Jike ni ghali zaidi kwa sababu anapasuliwa tumbo, hutolewa mifuko ya mayai pamoja na mfuko wa uzazi, kisha anashonwa. Kuhasi dume ni kazi ya dakika chache, na Bahati hakushonwa hata uzi mmoja. Usiku wa kuamkia siku hiyo hawakula chochote baada ya saa nne, wasije wakatapika wakiwa kwenye nusu kaputi na matapishi yakaingia kwenye njia ya hewa.

Nilichompendea daktari ni kwamba alinieleza ukweli bila kunipamba. Alisema Zabibu hatapata tena hatari ya mfuko wa uzazi kujaa usaha, ugonjwa unaoua paka na mbwa majike wengi wasiofungwa. Kuhusu saratani ya matiti akaniambia, "Dada, hapo umechelewa. Kinga kubwa ni akifungwa kabla ya miezi sita, huyu ana miaka mitatu." Iliniuma, lakini ndiyo maana naandika: mwenye paka mdogo asingoje kama mimi.

Malalamiko yangu ni moja. Nilikabidhiwa wanyama wangu saa tisa alasiri bila kola ya kuwazuia kulamba kidonda na bila karatasi ya maelekezo. Kazi kubwa inaanzia nyumbani, na hapo ndipo nilipoachwa peke yangu.

Usiku wa kwanza walikuwa wanayumba kama walevi. Niliwatandikia khanga sakafuni, maana paka mwenye nusu kaputi akiruka kitandani ataanguka vibaya. Mwili wao pia ulikuwa wa baridi, kwa hiyo nikafunga madirisha na kuzima feni japo joto la Dar mnalijua. Mchanga wa choo niliuondoa nikaweka magazeti yaliyochanwa, chembe zisiingie kwenye kidonda.

Siku ya pili Zabibu alijikunja pembeni, hataki kuguswa. Jirani yangu, kwa nia njema kabisa, akaniambia, "Mama Nasra, mpe nusu panadol." Nilikuwa nimeshakata kidonge. Kitu kikaniambia nipige simu kwanza, na daktari akapaza sauti: panadol ni sumu kwa paka! Inaharibu damu isibebe hewa, na hata kipande kidogo kinaweza kumuua. Nilirudi kwake nikapewa dawa ya maumivu ya paka, ya matone. Naomba hili mlishike hata kama mengine yote mtayasahau.

Siku ya tatu nikamkuta anavuta uzi kwa meno. Nilikata mkono wa sweta kuukuu la mwanangu, nikatoboa matundu manne ya miguu, nikamvika. Alikasirika nusu siku, kisha akazoea. Kila asubuhi nilikuwa naifunua na kuangalia mshono: wekundu kidogo ni kawaida, ila usaha, harufu au uvimbe unaokua ni wa kukimbiza kwa daktari siku hiyo hiyo. Siku ya 12 alitolewa nyuzi.

Bahati alipona haraka mno, lakini tuliambiwa tumtenge na majike kwa wiki kadhaa kwa sababu mbegu hubaki mwilini. Sasa hapigani usiku, harudi na majeraha ya meno, na ile harufu ya mkojo wa dume mlangoni imekwisha.

Kitu cha kuangalia baadaye ni chakula. Paka aliyefungwa mwili wake unahitaji kidogo kuliko zamani, na mimi niliendelea kumjazia Zabibu sahani ya dagaa na ugali vilevile. Kufikia mwezi wa nne baada ya kufungwa alikuwa ameshavimba tumbo. Nimepunguza, na kila jioni namchezesha na kamba.

Jumamosi ijayo tunampeleka paka wa mama. Mwenyewe ndiye aliyenipigia kuuliza daktari anafungua saa ngapi.