PostgreSQL kwa duka lenye matawi mawili: oda sawa, ankara fikiria tena

Tunauza vifaa vya ujenzi, duka kubwa likiwa Kisumu na tawi Kakamega. Zamani oda zote zilichukua nambari kwenye faili moja ya Excel, na karani wa Kakamega alilazimika kupiga simu kuuliza tumefika ngapi. Tukahamia PostgreSQL, programu ya hifadhidata ambayo haina ada ya leseni.

Kilichonivutia ni kwamba unaweza kuunda mifuatano ya nambari (vihesabio vinavyotoa nambari inayofuata kila vikiombwa) mingi utakavyo: mmoja wa Kisumu, mwingine wa Kakamega, mwingine wa oda za jumla. Makarani wawili wakibonyeza kwa pamoja, hawapewi nambari moja kamwe. Herufi za KSM au KKG tunaziongeza wakati wa kuchapisha. Mfuatano wenyewe hutoa nambari peke yake, bila herufi.

Sasa hapa ndipo wengi hushtuka. Oda ikikwama katikati ya kuhifadhiwa, labda mabati yaliyobaki stoo hayatoshi, nambari iliyokwisha kutoka hairudi. Utaona 4127, kisha 4129. Si hitilafu, imepangwa hivyo makusudi: kama nambari zingerudishwa, kila karani angesubiri mwenzake amalize ndipo apate yake.

Kwa oda, pengo halinisumbui. Ankara ni habari nyingine. Mkaguzi wa hesabu akikuta moja haipo, atataka maelezo, na wakandarasi nao siku hizi hawaondoki bila ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki, maana tangu 2024 KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, inaitaka ili gharama zao zikubaliwe. Kwa hiyo nambari zetu za ankara hazitoki kwenye mfuatano. Tuna jedwali dogo la kuhesabia, safu mlalo moja kwa kila tawi. Ankara ikianza kuandikwa, safu hiyo hufungwa. Ikishindikana, hesabu inabaki ilipokuwa. Foleni inakuwepo kidogo, ila Kisumu haingojei Kakamega.

Usitarajie skrini nzuri ya karani. Hiyo utamlipa fundi wa programu akutengenezee. Na mkiingiza oda za zamani pamoja na nambari zake, mfuatano hautazijua. Mwambie fundi ausogeze kwa amri ya setval hadi nambari kubwa kuliko zote kabla duka halijafunguliwa, la sivyo oda mpya zitakataliwa kwa kugongana na za zamani, wateja wakiwa kaunta.